Nusu ya Semina: Maisha ya Mzee Vitamini, Mkaangaji wa Kahawa

Ndugu waombolezaji, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mketi vizuri, kwa sababu historia hii imetungwa kwa kauli ya mke wa marehemu, ambaye amekataa katakata isifupishwe, inasomwa na binti yao mkubwa, na popote mtakaposikia ukali, ukali huo ni wa mama, msomaji asilaumiwe.

Marehemu, ambaye kazini, mtaani na hata kwa wajukuu zake alijulikana kwa jina la Vitamini, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi, mkabala na ukuta wa kiwanda cha kahawa, akiwa mtoto wa kwanza wa mbeba magunia wa kiwandani, akafuatiwa na mdogo wake wa kike, shangazi yetu, ambaye yuko hapa safu ya kwanza, na tutamfikia. Wazazi walipofariki mapema, ni yeye aliyemshika mdogo wake mkono kwenda shule, akamfulia sare, akamweleza lipi la kweli na lipi la uongo, na tangu hapo shangazi hakuona haja ya kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza Novemba 1966, na huko walimu walimsifu kwa kumbukumbu na kumlalamikia kwa ubishi, maana alikuwa akisikia jambo nusu, ananyanyua mkono, kisha anawafundisha wenzake hiyo nusu iliyobaki kutoka kichwani mwake. Mama anasema laiti wangemtibu mapema.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kiwandani, akaanza kwa kufagia makapi, akapandishwa kuchambua buni, hatimaye akakabidhiwa pipa la kukaangia, na hapo hakuwa na mpinzani, kwani alikaanga kwa sikio, anainamisha kichwa karibu na pipa, anasubiri buni zianze kupasuka, na akiinua kidole tu pipa linafunguliwa, na haijawahi kusemwa kwamba kahawa ya Vitamini imeungua. Hili mama amelitamka bila kulazimishwa na mtu.

Mwaka 1977 alipeleka ovaroli yake kwa fundi cherehani wa kona ya barabara ya soko, mifuko ikiwa imetoboka kwa buni alizokuwa akitembea nazo huku akizitafuna, fundi akaishona, wiki iliyofuata mifuko ile ile ikarudi imetoboka, na ya tatu vilevile, mpaka fundi akang'amua kwamba huyu mtu ana lake jambo. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu, waliozaliwa mwaka 1980, 1983 na 1988, na mama anakiri kwamba kwa miaka hiyo nyumba ilikuwa nyumba, watu wanakula, wanakunywa, hakuna anayefundishwa kitu.

Tarehe 14 Machi 1991 ndipo mambo yalipoharibika. Siku hiyo kiwanda kilimwalika mtaalamu wa lishe kuendesha semina katika ukumbi wa chakula, na asubuhi mtaalamu huyo alieleza yaliyomo ndani ya kahawa, akataja niasini, yaani vitamini B3, ambayo huongezeka buni inapokaangwa, akataja riboflavini, potasiamu, magnesiamu na manganizi, na marehemu aliposikia kwamba kuna vitamini inayoongezeka ndani ya pipa, yaani mikononi mwake yeye, alisimama wima na kuuliza kama inaweza kuandikwa ukutani. Baada ya chakula cha mchana wageni waliomba kahawa iliyokaangwa papo hapo, marehemu akaitwa pipani, na nusu ya pili ya semina ikampita, nusu ambayo mtaalamu alisema kwamba viwango vyote hivyo ni vidogo mno katika kikombe kimoja, kwamba kahawa si chakula, kwamba madini ya chuma humo ni kama hayamo, na kwamba ikinywewa pamoja na chakula au vidonge vya kuongeza damu, huzuia hata kile chuma kilichopo kuingia mwilini. Mwenzake wa kazini, mwonja kahawa, alimsimulia yote hayo kesho yake, na marehemu akamjibu, "Wewe ulikuwa unasinzia."

Nusu aliyoikosa aliijaza mwenyewe, na chuma akakiweka cha kwanza. "Weusi wote huu unadhani umetoka wapi?" alimuuliza mkewe, na mkewe, mwenye mdomo uliojaa pini na gauni la mteja mapajani, aliendelea kushona. Kuanzia hapo kila sahani ilisindikizwa na kikombe, jirani mwenye mafua alipelekewa chupa ya chai iliyojaa kahawa, na kijana wa kati alinyweshwa bilauri nzima kabla ya mtihani, akarudishwa nyumbani na mwalimu kwa sababu hakukaa wala hakunyamaza. Alipostaafu tarehe 31 Agosti 2012 alihamishia kazi jikoni, akawa anakaanga kwenye kikaango, moshi ukatanda nyumba nzima, bibi harusi mmoja akalirudisha shela lake akidai linanuka mgahawa, na mama alipomlalamikia, marehemu alisema bibi harusi angeshukuru.

Februari 2021 alianza kuhisi kizunguzungu, viganja vikapauka, ngazi za barazani zikawa mlima, na hospitalini wakagundua vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu kidogo kidogo, akapewa dawa ya vidonda pamoja na vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa avimeze kwa maji. Ndugu waombolezaji, alivimeza kwa kahawa, ili, kwa maneno yake, viongezewe nguvu. Damu ikapanda kidogo, ikashuka, daktari akabadilisha vidonge, ikashuka tena, na hakuna aliyejua sababu, mpaka Julai 2023 mwonja kahawa alipokuja kumjulia hali, akamkuta anavimeza kwa kahawa ya chupa, akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Mama aliichukua ile chupa ya kahawa na kwenda kuiweka mezani kwa daktari, na daktari alisema wazi kwamba vidonda havikuletwa na kahawa, ila vidonge vile kwa sehemu kubwa vilikuwa vimepita bure, marehemu akaongezewa damu, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Mama alilia kwa hasira njia nzima ya kurudi nyumbani, na hasira hizo hazijaisha mpaka leo.

Sasa tumefika kwa shangazi. Mwaka jana na yeye aliambiwa ana upungufu wa damu, akapewa vidonge vilevile, akampigia kaka yake simu kumuuliza namna ya kuvimeza, na kaka akamweleza. Mama amemsihi, amemgombeza, amemfuata mpaka kwake, imekuwa kumpigia mbuzi gitaa, jibu ni moja tu, "Kaka alikwenda semina, wifi, wewe ulikwenda ipi?" Vidonge hivyo viko ndani ya mkoba wake hivi tunavyosoma, na kichupa cha kahawa kiko pembeni yake, na waliokaa safu ya pili wanakiona.

Tarehe 16 Septemba 2023, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, muuguzi alileta vidonge, na marehemu, bila kusukumwa na mtu, aliomba maji, akameza, akakunja uso kama mtoto. Kisha alimwita mkewe asogee, akamwambia, "Mwambie mdogo wangu ameze na maji. Ila usimwambie ni mimi niliyesema." Asubuhi ya pili yake, Jumapili tarehe 17, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na moja, akamwachia mkewe neno la kufikisha na amri ya kulifanya lisiaminike.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliobishiwa na bado wakamhudumia, majirani waliokunywa walichopewa bila kununa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na kwa namna ya pekee mwonja kahawa, ambaye hakusinzia. Baada ya mazishi kahawa itakuwepo, imekaangwa na kijana wa kati kwa sikio kama alivyofundishwa, ni nzuri, kunyweni, ni kinywaji. Shangazi, yako ni bilauri ya maji iliyofunikwa kisahani, imewekwa na mama kwa mkono wake mwenyewe, na mama, aliyemtii mumewe kwa mengi, kwa hili anakataa kumtii, ni yeye aliyesema, kaka yako, kwa kinywa chake.

Vitamini, pumzika kwa amani, na safari hii usibishe.