Klavie Iliyokula Herufi U: Kumkumbuka Fundi Grégoire Kamate

Kila asubuhi, wasikilizaji wapendwa, Clotilde alifungua duka lake la kuchapa maandishi pale mtaa wa Himbi, hapa Goma, kwa namna ile ile. Anafagia vumbi jeusi la mawe ya makoro mlangoni. Anafuta meza. Anawasha kompyuta. Halafu, kabla mteja wa kwanza hajaingia, anaandika neno moja la kupasha vidole moto: Uzima.

Asubuhi moja aliandika Uzima, akainua macho. Kwenye kioo cha kompyuta paliandikwa: zima.

Zima! Kana kwamba kompyuta yenyewe inaomba izimwe. Akaandika tena. Zima. Akabonyeza U kwa nguvu, kwa kidole gumba. Uzima. Akamshukuru Mungu. Akaandika tena, polepole, kwa upole kama anayemwamsha mtoto. Zima.

Hivyo ndivyo Grégoire Kamate alivyoingia katika maisha ya Clotilde. Na ni Grégoire Kamate tunayemkumbuka leo. Grégoire Kamate, fundi wa klavie, aliyetutoka wiki iliyopita hapa Goma kwa ugonjwa wa moyo. Wengine husema kibodi. Sisi hapa tunasema klavie: kile kibao cha herufi kilicho mbele ya kompyuta.

Mama Clotilde, mjane wake, yuko nami hapa studioni. Ni yeye aliyeomba kipindi hiki. Kuna neno ambalo hakumwambia mumewe akiwa hai. Alitaka kulisema msibani, akashindwa. Alitaka kulisema makaburini, akashindwa. Aliniambia, "Mwanangu, labda mbele ya mikro nitaweza. Mikro haina macho." Tutampa nafasi. Hatutamharakisha.

Tuanze Butembo, wasikilizaji wapendwa, maana Grégoire alizaliwa Butembo. Alikuwa mtoto mwenye haya. Mimi ninazijua haya, lakini zake zilikuwa za kipekee. Dada yake mkubwa, Marie-Louise, anakumbuka hivi:

"Wageni wakifika, Grégoire alikuwa anakimbilia jikoni. Mama anamutuma, enda useme karibu. Yeye anatoka na viti. Anapanga viti, anarudia jikoni. Karibu haijatoka. Basi tukamuita Viti. Mupaka leo kwetu Butembo, ukisema Grégoire, watu wanauliza, Grégoire gani? Ukisema Viti, wanajua."

Viti akakua, akaja Goma, akaweka meza yake ya ufundi sokoni Birere. Alitengeneza redio. Alitengeneza simu. Baadaye akapenda klavie kuliko vyote. Marie-Louise anasema sababu iko wazi: mtu ambaye maneno hayamtoki mdomoni atapenda chombo kinachoyatoa kwa vidole.

Sasa turudi Himbi. Klavie ya Clotilde ilikuwa ya zamani, nzito, ya zile ambazo kila herufi ina swichi yake ndogo chini, yenye springi na kipande chembamba cha shaba. Ukiandika inalia ka, ka, ka. Mtu wa barabarani anajua unachapa. Clotilde aliipenda kwa sauti hiyo. Na sasa klavie hiyo ilikuwa inakula U. Ukigusa mara ya kwanza, inaruka. Ukigusa tena, inaandika.

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnajua Kiswahili chetu. Kwetu ni mutu, ni mutoto, ni muzee. Toa U hapo, uone unabaki na nini.

Siku hiyo aliingia muzee Twagirimana, ambaye baadhi yenu mnamfahamu pale Himbi. Alitaka kuchapa mwaliko wa ubatizo wa mjukuu wake. Akasubiri. Akapewa karatasi. Akavaa miwani.

"Mama, unaniandikia nini hapa? Mtoto? Mzee? Miye siko mutu ya Dar es Salaam!"

"Muzee, si miye. Ni klavie. Iko inakula U."

"Inakula U? Basi uilishe kitu ingine! Miye nataka mutoto wangu na U yake yote. Familia ya Rutshuru watasema nilihamia Tanzania bila kuaga."

Muzee Twagirimana hakungoja. Alikwenda mwenyewe mpaka Birere, akarudi na fundi. Fundi huyo alikuwa Grégoire Kamate.

Grégoire aliingia, hakusalimu. Akaangalia chini, akauliza, "Inaumwa wapi?"

"Sikujua kama anauliza miye ao klavie," Mama Clotilde aliniambia, akacheka. "Nikajibu, ni U. Akainamia U. Ni kama miye siko pale."

Aling'oa kifuniko cha herufi kwa waya alioukunja mwenyewe. Akapuliza. Vumbi jeusi likaruka. "Makoro," akasema. Neno moja tu. Vumbi la mawe ya volkano, ambalo hapa Goma linaingia hata kwenye chai, lilikuwa limeingia kwenye swichi. Akadondosha alkoli ya kusafishia. Akabonyeza, akabonyeza. Akaandika Butembo. Ikatoka Butembo, na U yake. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya majuma machache, U ikaanza tena kuruka. Grégoire akaitwa. Akapuliza, akadondosha alkoli, akaandika Butembo, akaenda. Ikaharibika tena. Akarudi tena. Siku nyingine hakuitwa, alikuja tu, akasema anapita kuangalia kama U imelala vizuri. Muzee Twagirimana, ambaye siku hizo hakukosa kitu cha kuchapa, alimtania wazi:

"We fundi, unakuja kutibu klavie ao unakuja kutibu macho yako?"

Grégoire akainamia herufi, masikio yakawa mekundu.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika siku yenyewe. Duka lilikuwa limejaa. Wanafunzi wa fotokopi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na bila shaka muzee Twagirimana. Grégoire alimaliza kusafisha U. Clotilde alitarajia kuona Butembo. Lakini siku hiyo Grégoire hakuandika Butembo. Aliandika sentensi nzima. Halafu, bila kuisoma, akageuza kioo kimwelekee Clotilde.

Alitaka kuandika: Unataka kuolewa na mimi?

Klavie ilikula U ya kwanza, na yeye kwa haraka akasahau alama ya kuuliza. Kwenye kioo paliandikwa: nataka kuolewa na mimi.

Mnaona, wasikilizaji? Toa U, na unataka inakuwa nataka. Clotilde akasoma kimoyomoyo. Lakini muzee Twagirimana alikuwa amenyoosha shingo, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Nataka kuolewa na mimi! Eh, fundi! Unataka ujioe? Na mbuzi za mahari? Utazitoa kwenu, uzipeleke kwenu?"

Duka zima likacheka. Mama mwenye mtoto akacheka mpaka mtoto akaamka. Na Clotilde akacheka kuliko wote. Alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika.

Grégoire akasimama. "Ni ya kujaribu," akasema. "Nilikuwa najaribu U." Akakusanya vyombo vyake, akatoka.

Hakurudi. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Meza yake ya Birere ikabaki tupu. Watu wakasema amekwenda Kibati, nje ya mji, kwa binamu yake, anatengeneza taa za sola. Na U ya Clotilde ikazidi kuwa mbaya. Angeweza kumwita fundi mwingine. Wako wengi. Hakumwita. Alibonyeza U mara tatu, mara nne, kwa kila neno, mchana kutwa.

Muzee Twagirimana naye hakulala vizuri. Yeye mwenyewe ananisimulia hivi:

"Nilijiambia, Twagirimana, kinywa chako kimefukuza kijana wa watu. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kulipa, mupaka Kibati. Nikamukuta juu ya paa. Nikamwambia kutoka chini, fundi, klavie ya Himbi inakufa. Yeye anakaza misumari. Nikamwambia tena, si klavie tu. Akashuka."

Alikuja siku ya samedi, yaani Jumamosi, jioni, wateja wameisha. Safari hii hakuleta alkoli. Alileta chuma cha moto cha kulehemu nyaya. Alifungua klavie nzima, akaigeuza mgongo juu. Akaitoa swichi ya U kabisa. Mahali pake akaweka nyingine, aliyoichukua pale pale kwenye klavie hiyo ya Kifaransa, pembeni kulia: ile ù yenye alama kichwani, ambayo Kifaransa kinaitumia kwa neno moja tu, où, yaani wapi.

"Na où, nitaandika na nini?" Clotilde akauliza.

"Wataelewa," Grégoire akajibu.

Clotilde akamwangalia akifanya kazi. Mwishowe akauliza tena. "Fundi, hii dawa ulikuwa unaijua tangu siku ya kwanza?"

Grégoire akakaza skrubu.

"Juu ya nini haukuifanya?"

Masikio tu yalijibu.

Alipomaliza, alimsogezea klavie. Clotilde akaandika Uzima. Ikatoka Uzima. Akaandika haraka, akaandika polepole. Uzima, Uzima, Uzima. Na hapo, anasema, moyo wake ukashuka. Kwa sababu U ilikuwa imepona. Grégoire hakuwa tena na sababu ya kuja. Clotilde alidhani huko ndiko kuagwa kwake.

Grégoire alikunja waya wa chuma chake. Akafika mlangoni. Akageuka, akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema katika duka lile:

"Dada Clotilde, hii U haitaharibika tena. Kwa hiyo kesho nikikuja, ujue sikukujia klavie."

"Kesho ni dimanche," Clotilde akasema. "Tunafunga."

Grégoire akafikiri.

"Basi lundi."

Na lundi, yaani Jumatatu, alikuja, wasikilizaji wapendwa. Akaja na mardi, kesho yake. Na mbuzi zilitoka Butembo zikafika kwa wazazi wa Clotilde, hazikurudi kwao. Muzee Twagirimana alikuwa shahidi wa ndoa, na padri alimwomba mara mbili apunguze sauti.

Grégoire Kamate, fundi wa klavie, alikuwa mume mwema na baba mwema. Lakini Viti alibaki Viti. Binti yao, Christa, anasema:

"Papa anaweza kuwa chumbani, miye jikoni, ukuta tu uko katikati. Simu inalia. Ni message ya papa. Inasema: chumvi. Naenda kuonja mboga. Kweli, chumvi haiko. Sijui alikuwa anasikia harufu namna gani."

Watu walipokimbia vita na kujaa kambini Kanyaruchinya, Grégoire alipanda huko na begi la vyombo vyake. Alikaa juu ya jiwe, akatengeneza simu za watu ili wawatafute ndugu zao. Watu walimshukuru, yeye akaangalia skrubu. Mama mmoja alimpata dada yake kwa simu aliyoitengeneza, akamkumbatia. Christa alikuwa pale. Anasema papa alisimama wima kama mlingoti, hakujua mikono aiweke wapi, na usiku nyumbani alikuwa anatabasamu peke yake.

Kulikuwa na swali moja ambalo Grégoire aliliuliza kwa mdomo. Moja tu. Aliliuliza jioni, baada ya kazi, mara moja moja, katika miaka yote ya ndoa yao. "Mama Christa, ile siku, ulinicheka?"

Na Mama Clotilde alijibu kila mara, "Kula kwanza, chakula kinapoa." Grégoire anatabasamu, anakula.

Aliliuliza tena hospitalini. Mama Clotilde alifungua mdomo. Muuguzi akaingia na dawa. Mama Clotilde akamvutia mumewe blanketi mpaka mabegani, akamwambia alale. Akalala.

Ndilo neno analotaka kulisema leo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu, ninampa pole Mama Clotilde. Ninampa pole Christa, ambaye sasa anaweka chumvi mwenyewe. Pole kwa Marie-Louise na familia yote ya Kamate, hapa Goma na kule Butembo. Pole kwa muzee Twagirimana, ambaye tangu wiki iliyopita anaongea kwa sauti ya chini, na Himbi yote imeshtuka. Mungu ampokee Grégoire Kamate, na kama huko kuna viti, ninaamini tayari amevipanga.

Na sisi tuliobaki, tufikiri kidogo. Yuko mtu nyumbani anayesubiri neno kutoka kwako. Unamjua. Mpe neno hilo leo. Chakula kitafuata.

Mama Clotilde, mikro ni yako.

"Inasikia?"

Inasikia, mama.

"Goma yote?"

Goma yote. Na Kibati pia.

"Yesu wangu. Na Twagirimana anasikiliza?"

Lazima.

"Basi aache kucheka. Ngoja kidogo... Ngoja. Grégoire. Papa Christa. Umeniuliza kama nilikucheka. Sikukucheka. Nilisoma pale kwa kioo, nataka kuolewa, na nikaona klavie imetoa siri yangu mbele ya watu wote. Nikapata haya, nikafunika uso, nikacheka juu ya haya. Wewe ulidhani imekosea kuandika swali yako. Miye niliona imeandika jibu yangu. Nilikuwa nataka, Grégoire. Nilikuwa nataka hata mbele ya wewe kuniuliza."