Kocha Évariste na Upande wa Kulia Uliochimbwa

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi kwa muziki. Tunaanza kwa jina: Évariste Kitenge, kocha wa timu ya wanawake ya Tujikaze, pale mtaani Kamatanda. Alikufa Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, akiwa na miaka hamsini na minne. Alikufa uwanjani. Hakuugua. Moyo wake haukusimama. Ardhi ilimmeza, na kuna watu waliojua kwamba siku moja itameza mtu.

Tutafika hapo. Kwanza mumjue.

Ujanani alikuwa winga wa kulia. Goti lilipoharibika, akashika filimbi. Asubuhi alitengeneza baiskeli sokoni, alasiri alifundisha. Wachezaji wake ni washonaji, wauza samaki, mama wa watoto. Mwanzoni, mpira ulipoanguka, wote waliukimbilia. Évariste hakuweza kuvumilia.

"Mupanue!" alipiga kelele. "Terrain ni mukubwa! Juu ya nini munabanana pale katikati sawa bantu ku robinet ya maji?"

Akachora uwanjani kwa majivu njia mbili, moja kila pembeni. Mwezi mzima, bao lililopitia katikati hakulihesabu. Winga alitakiwa asimame kisigino juu ya mstari na kusubiri, hata kama mpira haumfikii. Hadassa, winga wake wa kulia, muuza unga, alichoka kusubiri.

"Coach, huku miye niko peke yangu."

"Hauko peke yako. Beki wao iko nakuangalia. Akikufuata, anaacha mulango katikati. Asipokufuata, weye pita, utupe ballon chini, nyuma yabo."

Msimu uliofuata Tujikaze walifunga mabao ishirini na moja. Kumi na sita yalitoka pembeni.

Kisha uwanja ukaanza kuliwa. Nyuma ya mstari wa kulia, ndani ya uzio wa mabati, bwana mmoja mwenye karatasi ya kibali alianza kuchimbisha madini. Mashimo yakaingia chini kwa chini, mpaka chini ya nyasi. Évariste alilaza sikio ardhini, akasikia nyundo. Akaandika barua kwa wakubwa wa serikali. Kimya. Akaandika ya pili. Kimya. Ya tatu aliipeleka kwa mkono wake. Ofisa aliyekuwa mezani hakuinua hata uso. "Papa, mupunguze terrain. Muchezee katikati."

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa? Mtu anaambiwa kuna shimo chini ya miguu ya watu, naye anajibu watu wasogee.

Évariste alirudi uwanjani na majivu yake. Akausogeza mstari ndani hatua saba. Mkewe, Mama Philomène, alimsihi aufunge uwanja kabisa. Akakataa. "Nikifunga, njo batachukua yote." Hapo alikosea, nasi hatulifichi.

Alhamisi, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Hadassa alikuwa pembeni kulia, kisigino juu ya mstari mpya. Évariste akaona udongo unapasuka nyuma ya Hadassa.

"Hadassa, ingia katikati! Katikati!"

Hadassa anatuambia mwenyewe: "Nilifikiri iko nanipima. Miaka ine anatukataza katikati. Njo nikabakia."

Basi kocha akakimbia, na goti lake lile bovu. Akamsukuma kwa mikono miwili. Hadassa akaanguka kifudifudi nyasini. Alipogeuka, hapakuwa na mstari. Hapakuwa na kocha.

Waliomtoa ni wachimbaji wenyewe, wale wa chini, kwa majembe na kwa vidole, saa tatu nzima. Mwenye karatasi hajaonekana mpaka leo. Wakubwa walifika kesho yake uani kwa marehemu na shada la maua na neno moja: ajali. Mama Philomène aliwarudishia vyote viwili.

"Accident ni kitu chenye bantu habakujua," aliwaambia. "Bwana yangu alibaambia mara tatu. Mutoke mu lupango yangu."

Mara tatu, wasikilizaji wapendwa. Mara tatu.

Mama Philomène, na watoto wenu Gracien na Emmanuella, poleni sana. Wachezaji wa Tujikaze, poleni. Na wewe Hadassa, usibebe mzigo usio wako. Ulisimama pale ulipofundishwa kusimama. Walioacha ardhi ichimbwe ndio wasilale.

Kabla hujaifunga redio yako, jiulize ni lini uliambiwa jambo ukanyamaza. Sisi tutaanza. Mwezi wa tatu, Évariste Kitenge alisimama mlangoni pa redio hii akaomba dakika tano aeleze habari ya ule udongo. Tulimwambia kipindi cha michezo ni Jumatatu. Jumatatu akarudi. Tulikuwa na matangazo ya harusi.

Leo tumempa dakika zote alizoomba, na zaidi. Yeye hayupo kuzitumia.