Chakula cha Mwanangu Hakikuvutwa na Mchawi

Tumsifu Yesu Kristo! Nasema tena, tumsifu Yesu Kristo! Kooni mwangu leo kuna sifa na kuna hasira, na sitaki hasira itangulie.

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua. Mimi ni Mama Deo, mjane, wa hapa hapa Uru. Marehemu aliniachia kihamba chenye migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mmeniona nikibeba majani kichwani, mmenisikia kwenye kwaya mpaka sauti yangu ilipochoka. Na bado, ndugu zangu, mwaka jana mliniita mchawi. Msiinamishe vichwa! Sikuja kumtaja mtu. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye shimo lile, na hamwezi kuona urefu wa mkono wake kama hamjaona kina cha shimo lenyewe.

Mwanangu Deo anakaa mjini huku chini, mtaa wa Soweto, na mke wake Prisca na binti yao Glori. Deo ni fundi magari, ana gereji na wenzake kule Majengo. Prisca anafundisha watoto wa chekechea. Hawa si watu wa kulala njaa. Na mimi kila wiki nilikuwa nawashushia mkungu wa ndizi, na maharage yakiwepo, na maziwa kwenye kidumu. Nampa kijana wa bodaboda, anapeleka. Lakini katika nyumba ile chakula hakikai. Mchele umenunuliwa, umeisha. Mafuta yamenunuliwa, yameisha. Mwezi haujafika katikati, Prisca anaanza kubana sukari kwenye chai, na Deo anauliza kwa ukali hela zake zinakwenda wapi. Waligombana hadi majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri.

Basi rafiki mmoja akawapeleka kwa mtu anayejiita nabii. Jina lake sitalitaja, sitaki liingie humu ndani tunamosali. Mtu yule hakuwauliza wanapika nini. Hakuwauliza nani ananunua, ananunua lini, na kinachobaki kinakwenda wapi. Alifumba macho tu, akasema anaona mkono wa mama mzee wa mlimani ukivuta chakula kutoka kwenye sufuria lao. Chuma ulete! Ule uchawi wanaousema, wa kuvuta kwa siri mali ya mwenzako. Akasema kamba ninayovutia ni zile ndizi ninazowaletea. Halafu akawauzia chupa ya mafuta ya kupaka milangoni na chumvi ya kunyunyiza jikoni. Ndugu zangu, kwa bei ya chupa ile si wangepata debe la maharage? Watu wamekuja kulia kwamba chakula kinaisha, na dawa anayowapa ni kuwamalizia hela ya chakula! Na anaitaja Damu ya Yesu huku anapokea!

Wiki ile mkungu wangu ulirudi.

"Bibi, wamesema ukae nazo," yule kijana wa bodaboda aliniambia. Aliutua mlangoni bila kuniangalia usoni.

Nilidhani ndizi zilikuwa changa. Nikaukata mkungu mwingine, mzuri kuliko ule. Nao ukarudi. Nikampigia Deo simu. Akaniambia, "Mama, acha kwanza. Tunaombewa." Nikamuuliza, mnaombewa juu ya nani? Akakata simu. Mwanangu niliyemzaa!

Jibu nililipata kwa watu, maana neno lilikuwa limeshapanda mlima. Nilifika bombani, wanawake wakaondoa ndoo zao hata hazijajaa. Kulikuwa na msiba kwa jirani, nikaenda na kisu changu kumenya ndizi kama tunavyofanya siku zote. Nilipokaa, waliokuwa pale wakahama mmoja mmoja, kila mtu na kisu chake. Nikabaki peke yangu na lundo la ndizi. Nilizimenya zote, ndugu zangu. Nilizimenya machozi yakiingia kwenye maganda, nikanawa, nikaenda nyumbani.

Kisha Prisca akajifungua mtoto wa kiume. Nyote mnajua kwetu hapa inavyokuwa. Mke wa mwanao akijifungua, wewe ndiye unayeshuka kumpikia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, umkande, umwogeshe mtoto, mama apate nguvu na maziwa. Nilikuwa nimeshafunga mzigo. Deo akapiga: "Mama, tafadhali usije." Nilipiga magoti pale penye mzigo wangu, na siwafichi, sikusali kwa adabu. Nilimwambia Mungu: Wewe unanijua, na wewe umenyamaza! Basi sema!

Naye akasema, ndugu zangu. Alisema kwa simu ya Prisca.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikasikia mtoto analia. Kisha akasema, "Mama, nina njaa."

"Deo yuko wapi?"

"Kazini. Jana alileta chipsi. Mimi siwezi kuishi kwa chipsi, mama, maziwa hayatoki. Mtoto analia kutwa. Nisamehe, mama."

"Tutasameheana nikifika. Bandika maji."

Nilishuka siku ile ile na ndizi zangu na maziwa yangu. Deo aliporudi kutoka gereji alinikuta jikoni. Akasimama mlangoni. "Mama, si nilikuambia..." Nikamwambia, "Nilikusikia. Nipishe hapo, mtori unaungua." Alinipisha.

Nikakaa kwao. Nilikuwa nampikia Prisca mtori wake na kutazama. Na nilichokiona kilinipandisha hasira kuliko kuitwa mchawi! Asubuhi Deo na Glori wanatoka, Prisca yuko na kichanga, hakuna aliyesema jioni kutapikwa nini. Jua linazama, njaa imeshika, ndipo wanaulizana, "Leo tunakula nini?" Hapo kila mmoja anakimbilia lake. Deo anakuja na nyama, Prisca amemtuma mtu dagaa, Glori ameshatumwa dukani mafuta ya kupima na sukari ya kupima, vipakiti vidogo ambavyo ukivijumlisha ni ghali kuliko kununua kilo. Wali unapikwa mwingi, unabaki, kesho hakuna anayeutaka. Mboga za majani zinanunuliwa juu ya mboga za majani. Na friji yao umeme ukikatika haina kazi. Wale watu wawili wanafanya kazi kama punda, halafu chakula wanakimwaga kwa ndoo!

Nikamwambia Glori asitupe taka za jikoni, aziweke kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Alinishangaa lakini alitii. Jumamosi Deo alikuwepo nyumbani. Nikatandika gunia uani, nikamwita yeye na mke wake, nikamwaga ndoo yote mbele yao. Nzi walituzunguka! Wali mkavu. Nusu mkate wenye ukungu. Nyanya zimekuwa maji. Kabichi nzima imeoza upande. Nyama inanuka, haijaguswa.

Nikasema, "Haya, Deo. Huyo mama mzee anayevuta, nionyeshe mkono wake uko wapi hapo."

Mwanangu alichuchumaa. Akaigeuza ile nyama kwa kijiti. Kisha akasema taratibu, "Hii nyama niliinunua mimi."

Prisca naye akasema, "Na nyanya ni zangu. Sikujua kama Glori alikuwa ameshanunua nyingine." Akaanza kulia. Deo hakulia, alikuja akanishika miguu, na mimi sikuwa nimepanga kumwinua haraka. Nilimwacha akae pale kidogo. Mungu anisamehe kwa hilo, lakini nilimwacha.

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu alipotufungua sote kwa pamoja! Lakini ukombozi una kazi yake ya mikono. Mpango aliutengeneza Prisca, ana akili yule binti, alikuwa hajapata nafasi ya kuitumia kwa sababu ya ugomvi. Alisema, tukitoka Misa Jumapili tukae wote mezani, tuseme tutakula nini mpaka Jumamosi. Kwanza tunaangalia kilichopo. Ndizi za bibi zinatangulia, maana zinaiva. Maharage yanachemshwa mara moja tu: siku ya kwanza yanaliwa na wali, siku ya pili tunayaponda na ndizi tupate kiburu. Kinachopungua tu ndicho kinachonunuliwa, na kinanunuliwa sokoni kwa safari moja, na mtu mmoja. Na kila mtu akapewa siku yake ya kusimamia, hata Deo.

Deo alinuna. "Tutakula kwa ratiba kama bweni?" Prisca akamjibu, "Bwenini walikula mpaka mwisho wa muhula." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Wiki za mwanzo hazikuwa nzuri, nisiwadanganye. Siku ya Glori ilikuwa dagaa na hakuna aliyewataka, na Deo alirudi tena na mfuko wa chipsi nyuma ya mgongo kama mwizi. Lakini mwezi ule uliisha na mchele ukiwa bado kwenye ndoo. Prisca aliniita niutazame. Tuliutazama wote wawili kama watu wanaomtazama mtoto amelala. Na mtoto mwenyewe alikuwa ameshanenepa, maziwa yanatoka. Wiki iliyofuata hela iliyobaki ilimnunulia Glori viatu vya shule.

Yule nabii alipiga simu, akasema mama mzee amezidisha nguvu, sasa inatakiwa sadaka kubwa zaidi. Deo akamwambia mama mzee yuko hapa anamenya viazi, kama anataka aongee naye. Nabii akakata simu! Nilikuwa na mengi ya kumwambia!

Na mwanangu hakuishia kuninong'oneza samahani jikoni. Jumapili iliyopita alipanda hapa na mke wake, akasimama mbele yenu, mlimsikia wenyewe, akasema alimsingizia mama yake, na kwamba chakula chake alikitupa mwenyewe. Asante, Yesu! Nakushukuru uliyelisikia ombi langu lisilo na adabu! Nakushukuru kwa Prisca aliyepata ujasiri wa kupiga simu ile.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, naye hahitaji kuuza chupa. Amekupa ulimi wa kuulizana na mwenzako na macho ya kutazama ndani ya ndoo yako. Kama chakula kwako hakikai, kaeni mezani, baba, mama na watoto, msemezane kabla ya njaa. Fanyeni hivyo kabla hamjamtafuta bibi wa kumsingizia!

Na sasa nasema neno la mwisho. Kuna mama mwenzangu kule juu, karibu na mfereji. Tangu ng'ombe wa jirani yake akauke maziwa, nimeanza kusikia manong'ono yale yale, kwa midomo ile ile. Leo hakuja kusali, na ninajua kwa nini hakuja. Nikitoka hapa sirudi nyumbani. Napanda kwake, nitakaa naye, nitakunywa chai yake mbele ya macho ya watu wote. Anayemwamini Mungu aliye hai avae viatu vyake tuondoke pamoja.