Leonila Agbayani Muriuki, Mwalimu wa Kiingereza wa Quakers Hill (1959–2025)

Leonila Agbayani Muriuki, ambaye wengi waliofika hapa leo walimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959 katika kitongoji kimoja cha mji wa Batac, kaskazini mwa Ufilipino. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Simplicio, mkulima wa tumbaku na vitunguu saumu, na Mama Basilia, mshonaji. Nyumbani kwao waliongea Kiilokano, lugha ya watu wa kaskazini. Si Kitagalogi, lugha inayosikika Manila na kwenye televisheni. Msemaji wa moja haielewi nyingine mpaka ajifunze. Jambo hili linatajwa mapema kwa sababu mwezi Mei mwaka huu, hapa Sydney, kutolijua nusura kumnyang'anye marehemu haki ya kuamua atafia wapi.

Alianza shule ya msingi Batac mwaka 1966. Madarasa mawili ya kwanza walimu walifundisha kwa Kiilokano. Kuanzia la tatu, Kiingereza. Mtoto aliyeteleza akaongea lugha ya nyumbani alibaki kufagia darasa wenzake wakienda zao. Dada yake Perlita, aliyemtangulia kwa miaka mitano, anakumbuka kwamba Leonila alifagia muhula wa kwanza, kisha hakufagia tena. Baba yao alijivunia hilo. Mama yao, ambaye hakujua Kiingereza, alisema tu kwamba binti amekuwa mkimya mezani.

Alisomea ualimu mjini Laoag na kuhitimu mwaka 1980. Huko alishinda shindano la kuhutubia kwa Kiingereza, na picha ya siku hiyo ndiyo iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoshika. Alifundisha sekondari Batac miaka minane, akaja Sydney mwezi Februari 1988.

Shule ya kwanza aliyoomba kazi hapa ilimwambia kwamba Kiingereza chake ni kizuri lakini cha kigeni. Hakuwahi kulizungumzia sana. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiosha, akilisha na kugeuza wagonjwa, na huko akaona wauguzi kutoka Ufilipino, Kenya na Tanzania wakifanya kazi ya ngazi ya chini kwa sababu walikuwa wameanguka mtihani wa Kiingereza wa leseni. Mwaka 1996 alikodi chumba nyuma ya ukumbi mmoja Parramatta, akaanza darasa la Jumamosi. Lilidumu mpaka mwaka huu. Sehemu kubwa ya wauguzi waliopo hapa walipitia chumba hicho.

Sheria ya darasa ilikuwa moja. Anayeongea lugha ya kwao ndani ya chumba ataosha vikombe vya chai vya wote. Jepchumba, ambaye sasa ni muuguzi kiongozi wa wodi, aliviosha siku yake ya kwanza, alipomnong'oneza mwenzake Amne kwa Kiswahili.

"Vikombe, Jepchumba," marehemu alisema.

"Mwalimu, nilikuwa nauliza tu choo kiko wapi!"

"Uliza kwa Kiingereza. Choo hakitahama."

Kwa mujibu wa wanafunzi wake, ni mara moja tu yeye mwenyewe alivunja sheria. Mwaka 2014 dada yake alipiga simu katikati ya somo kumwambia kwamba mama yao amefariki. Leonila alijibu kwa Kiilokano, akiwa amesimama mbele ya ubao, kwa muda mrefu. Darasa halikujua habari yenyewe. Amne, mtu wa Tanga asiyeacha utani, alipaza sauti: "Mwalimu, leo vikombe ni vyako!" Wote wakacheka. Marehemu aliweka simu mezani, akakusanya vikombe na kuviosha vyote, kisha akamaliza somo. Walipojua siku iliyofuata, walikwenda nyumbani kwake na chakula.

Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na Douglas Muriuki, mzaliwa wa Othaya, Kenya, aliyekuja kusomea uhandisi katika chuo cha Kensington. Walihamia Quakers Hill, kitongoji cha hapa Sydney, mwaka 1993, mwaka alipozaliwa mtoto wao pekee. Alipewa jina Bridget kwa chaguo la mama, na Njeri kwa desturi ya kwao baba. Wazazi walikubaliana kwamba nyumba itakuwa ya Kiingereza. Douglas alikuwa na lugha mbili za kuweka pembeni, Kikuyu na Kiswahili, Leonila mbili pia, Kiilokano na Kitagalogi, na wote waliamini kwamba mtoto asiye na lafudhi hatarudishwa mlangoni kama mama yake. Wifi yake, Njeri Muriuki, aliwahi kumuuliza kama hajuti.

"Wifi, mimi nimempa mlango," marehemu alijibu. "Madirisha atatafuta mwenyewe."

Bridget alikwenda Batac mara mbili utotoni. Bibi yake alimshika mashavu na kuongea. Mama alisimama katikati akitafsiri. Hapa Quakers Hill majirani Wafilipino waliongea Kitagalogi kilichochanganywa na Kiingereza, na mama yake aliwajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo Bridget alikua akiamini kwamba lugha aliyoikosa ni hiyo ya majirani. Alijua mama yake ni mtu wa Batac. Hakujua kwamba Batac ina lugha yake.

Douglas alifariki mwaka 2019. Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2025, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa jikoni kwake. Alipopata fahamu hospitalini aliongea, tena sana, lakini hakuna aliyemwelewa. Kiingereza, alichokifundisha jumla ya miaka thelathini na saba, hakikuwepo. Hospitali ilitafuta mkalimani wa Kitagalogi kwa simu. Ulimi wa marehemu ulikuwa mzito na wodi ilikuwa na kelele. Mkalimani alisema anashika neno moja moja, na mengine hayaungani. Akauliza mgonjwa anatoka mkoa gani.

"Quakers Hill," Bridget alijibu.

Madaktari waliandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa na hana uwezo wa kujiamulia. Walishauri awekewe mpira wa kulishia tumboni, kisha ahamishiwe nyumba ya wazee. Kikao cha familia kilipangwa Ijumaa, na anayepaswa kukubali au kukataa alikuwa Bridget. Siku hizo zote marehemu alikuwa na tabia moja. Kila Bridget alipoingia, mama alinyoosha mkono wa kulia, kiganja kikitazama chini. Bridget aliushika. Siku nyingine alimpa glasi ya maji. Siku nyingine alidhani sindano ya dripu inamuuma, akamwita muuguzi. Mama aliurudisha mkono kifuani, na baada ya muda akaunyoosha tena.

Alhamisi alasiri Jepchumba alikuja kumwona mwalimu wake. Alisimama miguuni pa kitanda akisikiliza, bila hata kuvua koti.

"Bridget, huyu hajachanganyikiwa."

"Anti, mkalimani amesema maneno hayaungani."

"Basi mkalimani si wake. Hii ni lugha ya siku ya vikombe. Siku ile alipofiwa na mama yake. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, siwezi kuisahau. Mpigie yule dada yake."

Namba ilikuwa kwenye simu ya marehemu, chini ya neno *Manang*, ambalo kwa Kiilokano ni dada mkubwa. Perlita alipokea akiwa Batac, na Jepchumba akaweka simu kwenye mto. Perlita alisema *ading*, yaani mdogo wangu, akauliza swali moja fupi. Marehemu akacheka. Baadaye tuliambiwa swali lilikuwa: umekula, au bado unawapigia kelele wazungu?

Perlita alisoma shule ile ile, kwa hiyo ana Kiingereza kile kile cha darasani, na alikitumia kutafsiri. Mdogo wake alikuwa akirudia neno moja tangu azinduke: *agawidakon*, naenda nyumbani sasa. Mpira hautaki. Anajua ana kiharusi na anajua hatapona. Anataka chumba chake chenye dirisha la upande wa bustani.

"Na huo mkono?" Bridget aliuliza. "Anataka nini na mkono?"

Perlita akauliza: "Mwanangu, hakukufundisha?"

Kwao, mdogo anapomwendea mkubwa huinama, huushika mkono wake wa kulia na kugusisha mgongo wa mkono huo kwenye paji la uso wake mwenyewe. Ndiyo salamu, na ndiyo namna ya kupokea baraka. Mkubwa hunyoosha mkono, mdogo hukamilisha. Watu wa pwani waliokaa hapa, waliolelewa kusema shikamoo na kubusu mkono, hawahitaji kuelezwa zaidi. Marehemu alikuwa ameiacha desturi hiyo pamoja na lugha yake, na vyote viwili vilimrudia pamoja. Bridget aliinama, akapata baraka ambayo alikuwa akinyooshewa tangu siku ya kwanza.

Ijumaa hospitali ilileta mkalimani wa Kiilokano. Uamuzi wa awali ulifutwa, na marehemu alijibu maswali yake mwenyewe. Alirudi Quakers Hill tarehe 27 Mei. Kila jioni Perlita alikuwa kwenye simu, na Bridget alijifunza kuuliza kwa lugha ya mama yake kama ana kiu, kama anaumwa, kama anataka dirisha lifunguliwe. Hakujifunza mengi kuliko hayo, muda haukutosha. Mjukuu Armelle, mwenye miaka minne, alijifunza *agawidakon* na sasa analisema kila wanapotoka dukani.

Leonila Muriuki alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, alfajiri, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha binti, Bridget Njeri, mkwe, Selestin, mjukuu, Armelle, dada, Perlita Agbayani, anayetusikiliza sasa kutoka Batac, wifi, Njeri Muriuki, na wanafunzi aliowafundisha Parramatta kwa miaka ishirini na tisa. Mumewe, Douglas, alitangulia.

Kabla jeneza halijafungwa, familia ina ombi moja. Rozari imewekwa kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia umeachwa wazi juu ya kifua, kiganja kikitazama chini. Kila aliye mdogo kwake kwa umri, na kila aliyewahi kuosha vikombe vyake, anaweza kupita na kuinama. Bridget atatangulia, na Armelle atamfuata.

Mwalimu amekwenda nyumbani. Tumwache apumzike.