Silabi Sita Mlangoni pa Ghala

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mratibu wa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, wazee wetu shikamooni, wazazi na wanafunzi:

Asubuhi nzima mmenisifu kuwa shujaa wa Kiingereza. Mimi Severina, ninayestaafu leo, naomba niseme kweli: siku ile mnayoisifia niliogopa.

Mwaka juzi, biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi, alikuja hapa Chiungutwa mnunuzi mmoja akilitaka ghala letu. Kwa mdomo alituahidi kwamba akina mama wataendelea kuhifadhi humo mahindi na makopa yao ya muhogo. Kisha akatoa karatasi ya mkataba, ya Kiingereza. Mwenyekiti wetu, Mzee Nurdin, akaniita niisome mbele ya mkutano. Nikafika kwenye neno “unconditionally”, nikakwama. Nikalitamka kama neno la Kiswahili, mkazo nikautupa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mgeni akacheka.

“Mwalimu, hata kulitamka huwezi. Utalielewaje?”

Ndugu zangu, aibu ile mnaijua? Nilitaka kuketi. Lakini Bi Faidha, mama wa mwanafunzi wangu Khalidi, akasimama. “Mwalimu, sisi hatukuja kusikiliza sauti. Linasema nini?”

Nikachukua chaki, nikaliandika mlangoni pa ghala, nikalikata: un-con-di-tion-al-ly. Silabi sita, mkazo kwenye ya tatu. “Un” inakanusha. “Condition” ni sharti. “Al” inaligeuza kuwa sifa, na “ly” inaeleza namna jambo linavyotendwa. Nikasema, “Hapa tunatoa ghala bila sharti lolote, hata lile la mahindi ya akina mama.” Mzee Nurdin akairudisha kalamu mfukoni.

Mgeni akaondoka kwa hasira. Wiki tano korosho zikakaa bila mnunuzi, na baadhi yenu mkaacha kunisalimia. Nani alijua nilivyokuwa nikijiuliza kama nimekosea, kama nimewanyima watoto sare kwa neno moja? Wiki ya sita akaja mwingine, akalikodi ghala kwa mkataba wa Kiswahili, na chumba cha akina mama kikaandikwa humo. Watu walishangilia. Mimi nilikaa chini.

Mheshimiwa, barua za Kiingereza bado zinakuja, na mwalimu wa kupokea nafasi yangu hajafika. Nauliza mbele ya watu wote hawa: Jumatatu, nani ataingia kufundisha Kiingereza darasa la saba?

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.