Mzee Anselm Amezikwa Sura ya Tisa

Benchi letu lipo hapa Ilongero, mbele ya cherehani yangu. Mbao nilinunua mimi, misumari nilinunua mimi, makalio ndiyo ya kila mtu. Ikifika saa kumi jioni Dorika anatua birika lake la kahawa na sinia la kashata, na papo hapo wanatokea wenyewe. Wa kwanza ni Benson, tunamwita Profesa Mashudu, maana anafanya kazi kwenye kinu cha alizeti, anakuja ananuka mafuta, na chini ya jua hili hakuna asilolijua. Wa pili ni Nathan, jina la kijiweni Helmeti, bodaboda ambaye pikipiki yake ina miezi miwili kwa fundi lakini helmeti hajaivua kichwani. Wa tatu ni mzee Anselm, alifiwa na mkewe zamani, anakaa pembeni kabisa na fimbo yake, maneno yake machache. Mimi ndiye fundi nguo, na ndiye mwenye miwani, kwa hiyo wamenifanya msomaji. Kitabu alikileta Dorika. Alikiona stendi ya Dodoma alipopeleka kuku, akakinunua kwa sababu nyuma ya jalada wameandika kwamba mwandishi ni mzaliwa wa Ilongero. Ni riwaya, inaitwa Mlango Unaotazama Mawe, na aliyeandika ni Yasinta Anselm. Ndiyo, binti wa mzee huyuhuyu, mtoto wake wa pekee, ambaye mzee alimfukuza kwa sababu ya mimba miaka tisa iliyopita, na binti hajakanyaga tena. Tulikuwa tunakwenda sura moja kwa siku, raha mustarehe. Juzi tukafika sura ya tisa, baba wa kwenye kitabu akafa. Mzee Anselm akauliza swali moja tu: "Mtu akimzika baba yake kitabuni, anamchukia au anamlilia?" Tangu hapo hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote.

Leo nilitaka kuendelea na sura ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho. Wakagoma.

— Fundi, rudia pale mzee anapokata roho, akasema Profesa.

— Nimerudia mara nne!

— Rudia ya tano. Hili ni suala la kisheria.

Nikavaa miwani kwa hasira, nina suruali mbili za watu hazijakatwa. Nikasoma. Baba ana nyumba ya tembe, mlango unatazama mawe. Ana ng'ombe wa pembe moja anaitwa Zawadi. Anaugua kifua, anakufa Alhamisi, anazikwa Ijumaa nyuma ya zizi.

— Ijumaa ipi? akauliza Helmeti. Mbona Ijumaa zote mzee yupo hapa?

— Riwaya ni mambo ya kutunga, nikasema.

— Ya kutunga! Na Zawadi je? Pembe moja nayo katunga?

Hapo alinishika. Zawadi ni ng'ombe wa mzee kweli, namfahamu, aliwahi kunilia kitambaa cha mteja kikiwa kwenye kamba.

— Mimi nimeshaelewa mchezo, akasema Helmeti, akashusha sauti wakati mzee yuko hatua mbili. Geuza kitabu. Unaona hiyo mistari myeusi na namba? Hizo ni namba za serikali.

— Hata sabuni inazo, akasema Dorika.

— Sabuni haina baba! Sikiliza. Binti anachukua kitabu, anakwenda baraza la ardhi, anasema waheshimiwa, baba amekufa, tazameni ukurasa wa mia na kumi na mbili. Shamba limekwenda. Mzee akibisha wanamuuliza, wewe nani? Marehemu hana sauti.

Mzee Anselm akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule.

— Hujui kitu wewe, akasema Profesa, akaomba kikombe cha pili. Binti amemkinga baba yake. Kifo kinatembea kwa orodha. Kikifika Ilongero kinakuta kaburi limeshachimbwa kitabuni, kinasema, ah, huyu tayari, kinapitiliza mpaka kijiji cha Kinyangiri. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Ngamani ndiyo wapi?

— Ni kijiji. Ukishaipita Kinyangiri.

Helmeti akakubali kwa kichwa, na helmeti yake juu, kama mtu aliyewahi kupeleka abiria huko.

— Kwa hiyo anampenda? nikauliza, maana nilitaka swali la mzee lijibiwe, tuendelee.

— Anampenda, akasema Profesa, lakini kuna kasoro. Tazama huo msiba wenyewe. Aliyechimba kaburi ameandikwa nani? "Jirani." Jirani! Makaburi ya mtaa huu nachimba mimi tangu nikiwa na nywele, leo naitwa jirani? Halafu waombolezaji wamekula wali na nyama. Wali msibani hapa, mwezi wa njaa, umetoka wapi? Sisi tungepika ugali wa uwele na mlenda, tukashukuru Mungu.

— Mimi nimeandikwa vizuri, akasema Dorika. "Mama wa kahawa alilia mpaka khanga ikalowa."

— Hukulia wewe!

— Ningelia! Mzee Anselm akifa mimi silii? Acheni ujinga.

Akamgeukia mzee, akaona aibu, akamjazia kikombe bila kuulizwa. Mzee akanywa. Helmeti alikuwa anamtazama mdomoni.

— Jamani, akasema taratibu, na kama ni kweli alikufa?

— Nani?

— Mzee. Tuseme alikufa kweli, Alhamisi, sisi hatukujua. Huyu aliyekaa hapa ni msukule.

— Wewe Nathan!

— Subirini! Maiti haitikii shikamoo. Dorika, leo umemwamkia?

— Nimemwamkia.

— Kaitikia?

— Hajaitikia. Lakini kahawa kanywa vikombe vitatu.

— Msukule ananyweshwa! Mimi jana nimemwamkia mara mbili, kimya. Profesa?

Profesa akakuna kidevu. Nikaona anasogea kidogo upande wangu, na mimi, sijui kwa nini, nikasogea kidogo upande wa cherehani. Benchi langu mwenyewe, na nilitamani kusimama.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Profesa, bila kueleza.

Aliyetuokoa ni Dorika.

— Fundi, hebu soma mwisho wa hiyo sura. Ile sehemu mliyoipigia kelele juzi sikuisikia.

Kweli, juzi habari za wali zilizua ugomvi nikaruka aya nzima. Nikatafuta ukurasa. Nikasoma:

"Sikuwepo. Habari niliipata kwa simu, kwa sauti ya baba mdogo Melkizedeki, kwamba wameshazika na nisije. Basi nikamzika mwenyewe, nikiwa nimekaa sakafuni, mbali. Niliwaweka pale watu wote niliowakumbuka. Nikawapikia wali, maana sikutaka baba yangu aagwe na watu wenye njaa."

Nikashusha kitabu mapajani. Hata Profesa aliacha habari ya jirani.

— Kwa hiyo si yeye aliyemuua, akasema Helmeti. Ni Melkizedeki.

— Melkizedeki yuko Itigi, nikasema. Tangu lini Melkizedeki akawa mtu wa kuua watu kwa simu?

— Ndiyo maana nasema ana lake jambo! Anataka Zawadi!

— Hakuwa Melkizedeki.

Sauti ilitoka pembeni mwa benchi. Helmeti akaruka akamwaga kahawa. Mzee Anselm alikuwa anatazama ardhi, katikati ya miguu yake.

— Nilikuwa mimi, akasema. Yasinta alipiga simu, miezi mitatu tangu aondoke. Nikasikia "baba", hasira ikanipanda upya. Nikabana koo, nikajifanya mdogo wangu. Nikasema Anselm amekufa, tumeshazika, aliusia usikanyage hapa. Nikakata. Laini nikaivunja kwa meno.

— Mzee! akasema Dorika.

— Nilidhani atanijua. Mtoto si anaijua sauti ya baba yake?

— Ukimbania koo ataijuaje?

— Nilidhani atapiga tena. Nikasubiri mpaka mavuno.

— Kwa laini ipi?

Mzee akafikiri.

— Ile niliyoivunja, akasema.

Nimeshona nguo za misiba mingi hapa, lakini sijawahi kuona uso kama ule wa mzee Anselm jioni hii. Na sisi tulichanganyikiwa kabisa. Tangu juzi tulikuwa tunamtafuta muuaji, tumempata, naye ni marehemu.

— Miaka tisa, Dorika akasema, akatua birika kwa kishindo. Miaka tisa mtoto ana msiba wa mtu anayekunywa kahawa yangu kila siku! Ulishindwa nini kumtafuta?

— Ningemwambiaje? Kwamba nimefufuka?

— Ndiyo! Ungemwambia hivyohivyo!

— Kuna utaratibu wa kufufuka, akaanza Profesa. Kwanza balozi wa nyumba kumi...

— Profesa, nyamaza.

— Haraka haraka haina baraka, akamalizia kwa sauti ndogo.

Mzee Anselm akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu.

— Fundi. Isome sura ya kumi. Nataka kujua amemalizaje.

Nikafungua. Mstari wa kwanza ulinifanya nivue miwani, niifute kwa kipande cha bitana, niivae tena. "Mwanangu Leah akifunga shule mwakani nitampeleka akaone kaburi la babu yake."

— Mwakani ya lini? akauliza Helmeti.

Nikatazama mwanzoni. Kitabu kilichapwa mwaka jana. Shule zimefungwa wiki hii.

Hatukupata nafasi hata ya kubishana. Ng'ambo ya barabara, pale zinaposimama gari za kutoka mjini, palikuwa na mwanamke amekaa juu ya begi, ametupa mgongo, khanga kajifunika mpaka kichwani. Na katikati ya barabara alikuwa anakuja msichana wa kama miaka minane, viatu vimejaa vumbi, ameshika maua ya plastiki bado yana nailoni. Akafika kwenye benchi, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukasema, mimi, Dorika na Profesa. Helmeti akaivua helmeti. Miezi miwili, ndiyo mara ya kwanza naona kichwa chake.

Mtoto akaona kuna mmoja hajaitikia. Akamsogelea.

— Shikamoo babu.

Mzee Anselm akaishika fimbo kwa mikono yote miwili.

— Mama amechoka, anasema hawezi kuja mpaka huku, mtoto akatuambia. Ameniambia niwaulize watu wa kahawa. Kaburi la mzee Anselm liko wapi?

Nikamtazama Profesa, mchimbaji wa makaburi yote. Profesa akatazama ndani ya kikombe chake. Dorika alikuwa ameshika mdomo kwa khanga, na khanga ilikuwa inalowa, kama ilivyoandikwa. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi, kurasa zote hizo, sikuona pa kusoma.

— Hamlijui? mtoto akauliza. Mama amesema liko nyuma ya zizi.

Fimbo ikaanguka. Mzee Anselm alisimama bila hiyo fimbo, akayumba, Helmeti akamdaka kiwiko. Akamtazama mtoto, kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye ule mgongo. Koo likapanda na kushuka. Nikaogopa atalibana tena.

— Marahaba, akasema.

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, kubwa, ile ya kumwitia Zawadi kutoka machungani. Ng'ambo ya barabara, yule mwanamke akageuka.