Safu ya Chini ya Kasha

Marehemu aliacha agizo moja tu kuhusu maelezo haya: habari ya makasha ya bunduki isomwe yote, mbele ya watu, na anayehusika awepo. "Msinipambe," aliwaambia wanawe. "Someni kama ilivyokuwa." Familia imetii, na anayehusika yupo kati yetu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa kutengeneza cherehani na mkewe. Karakana ya baba ilikuwa sebuleni, hivyo watoto walikula huku wakisogeza sindano na mikanda ya mashine. Alipokuwa na miaka tisa aliachiwa cherehani aifungue na kuirudisha peke yake. Aliirudisha, ikashona vizuri. Jioni alikuta skrubu moja kando ya sahani yake. "Hii ya nani?" baba aliuliza. Chakula kilipoa, mashine ikafunguliwa upya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha shule ya ufundi, ambako alihitimu fani ya vyuma mwaka 1969. Ripoti yake ya mwisho bado ipo. Mwalimu wa karakana aliandika: "Mwepesi wa mikono, mgumu wa kusema tayari."

Mwaka 1971 alijiunga na jeshi akiwa fundi wa silaha, akapangiwa ghala kuu, na akapanda hadi sajenti. Huko ndiko alikopewa jina ambalo wengi hapa mnalijua kuliko la kuzaliwa: Mzee Fungua. Hakupokea bunduki mkononi kabla ya kusema, "Fungua tuone." Aliangalia chemba ya risasi mwenyewe, kisha akamtaka anayempa naye aangalie na atamke kwa sauti: "Tupu." Hata makanali walitamka.

Mkewe alikuwa mshonaji katika duka la sare. Walikutana siku marehemu aliporudisha suruali mpya akiwa ameigeuza ndani nje.

"Kaka, suruali inaonekana nje, si ndani," dada yule alimwambia.

"Lakini inapasukia ndani, dada."

Alimshonea upya, huku akimwambia shoga yake kwa sauti ya kusikika kwamba atakayeolewa na huyu amekwisha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1978, wakajaliwa watoto watatu.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 1986, ghala lilipokea makasha thelathini ya bunduki mpya. Kila kasha lilikuwa na bunduki kumi: tano juu, tano chini, na ubao katikati. Kanuni ilitaka makasha matatu yafunguliwe na bunduki zote zitolewe. Kamati ya mapokezi ilikuwa na watu watatu, marehemu akiwa ndiye fundi. Ofisa wa ununuzi alikuwa na haraka ya kufunga faili kabla ya wiki kwisha. Walifungua kasha moja, wakakagua zile tano za juu, zote safi. Marehemu alishika ule ubao ili auinue.

"Sajenti, za chini ni ndugu za hizo hizo," ofisa alisema. "Tia sahihi twende."

Alitia sahihi.

Tarehe 22 Januari 1987, bunduki moja ya shehena ile ilipasuka kwenye uwanja wa shabaha, na kuruta wa miaka kumi na tisa akapoteza jicho la kulia. Marehemu ndiye aliyeletewa bunduki hiyo mezani. Ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi mpya, na chini ya rangi mtutu ulikuwa na ufa wa siku nyingi. Bodi ya uchunguzi iliandika kwamba kuruta aliacha mchanga uingie mtutuni. Kijana akaachishwa jeshi kwa uzembe. Marehemu hakusema neno, si siku ile wala katika miaka tisa iliyobaki kabla ya kustaafu mwaka 1996.

Baada ya kustaafu, waandaaji wa filamu walimhitaji. Alitunza silaha za kuigizia: bunduki halisi zilizotolewa pini ya kufyatulia risasi na nyingine za mbao na mpira. Mtambo wa kurushia roketi aliuchonga kutokana na bomba la maji taka, mpaka jirani yake fundi bomba akamuuliza, "Mzee, bomba langu siku hizi linatungua ndege?" Katika kazi zaidi ya arobaini, hakuna mwigizaji aliyepata hata mchubuko.

Mwaka 2015 aliitwa kwenye filamu kuhusu ununuzi wa silaha za jeshi. Kulikuwa na tukio la kukagua kasha. Mwongozaji, binti wa umri wa wanawe, alitaka bunduki tano za juu tu. Akakuta marehemu amepanga na safu ya chini: bunduki tano kuukuu, zimepakwa rangi mpya.

"Baba, kamera haifiki huko chini."

"Mimi pia niliambiwa hivyo."

"Na nani?"

Alikaa juu ya kasha jingine akamsimulia. Kazi ilisimama saa nzima. Walipoendelea, mwigizaji aliinua ubao.

Wiki iliyofuata marehemu alimtafuta yule kuruta, akamkuta anatengeneza baiskeli, mtu mzima mwenye wajukuu. Alimweleza yote akiwa amesimama.

"Jicho nimeshalizoea, mzee," alijibiwa. "Kuitwa mzembe ndiko sijazoea. Andika."

Aliandikia makao makuu ya jeshi, akaambatisha namba ya bunduki. Alijibiwa mara mbili kwamba suala linashughulikiwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na wauguzi walizoea kufungua pakiti za mipira ya kupitishia damu mbele yake. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 73. Jibu la tatu lilikuwa halijafika.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada wawili. Wanawe wataendelea kulifuatilia faili hilo. Na kwa kuwa kosa liliandikwa hadharani, yeye alitaka masahihisho nayo yasomwe hadharani. Haya ni maneno yake, na sahihi yake imechapishwa ukurasa wa mwisho:

"Mtutu haukuwa na mchanga. Kijana alifanya kila alichofundishwa. Mimi ndiye sikuinua ubao."

Mungu amjalie pumziko jema.